Nilifunga pipa la maji moto la jirani, kisha nikaweka langu bila ruhusa

Mama Agar, mshauri wetu wa gazetini, wengine huanza kwa kukusalimia vizuri, mimi nitakusalimia mwishoni kama bado nitakuwa na uso wa kukusalimia. Kwanza naomba unisaidie, kwa sababu jambo lenyewe linachemka, wala sisemi kwa mafumbo, linachemka kweli nyuma ya nyumba yangu wakati huu ninapokuandikia.

Mimi ni mtu wa Kasai. Serikali ilinituma Butembo mwaka 1994 kwenye bureau moja inayosimamia majengo, vita ya kwanza ikanikuta hapa, ya pili ikanikuta hapa hapa, wakubwa wamebadilika mara nne na mimi bado nimekalia kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi, kwa sababu kila mkubwa anayefika anahitaji mtu anayejua faili ziko wapi, na sasa tuko 2001 na njia ya kurudi kwetu bado imekatwa na mapigano.

Kati ya kazi zangu iko hii: mtu akitaka kuweka chauffe-eau nyumbani, yaani lile pipa la chuma linalojengewa matofali nyuma ya nyumba, moto wa kuni chini yake, bomba likaingia mpaka bafuni, lazima apite kwangu. Wewe uliye Beni kwenye joto huwezi kujua, lakini huku asubuhi maji ya ndoo yanauma mikono, kwa hiyo wanaotaka ni wengi. Namwambia kila mmoja alete barua ya kuomba, sahihi ya mwenye parcelle, yaani mwenye kiwanja, jina la fundi, na mchoro unaoonyesha moto uko hatua ngapi kutoka ukutani, na unaoonyesha bomba la hewa, lile linalotoka juu ya pipa na kupanda wazi kupita paa ili mvuke upate njia. Kisha tunakwenda kutazama mara mbili, kabla matofali hayajafungwa na siku ya moto wa kwanza. Na anayebadilisha pipa bovu kwa pipa zima anafuata njia ile ile, na hapo ndipo watu wanakasirika, wanasema mais chef, lakini mkubwa, mimi sijengi, ninabadilisha tu, na mimi nina jibu langu ambalo bureau nzima inalijua: pipa jipya ni mtoto mpya, hawezi kutumia acte de naissance, cheti cha kuzaliwa, ya kaka yake.

Mwezi wa tatu nilikwenda kwa Maliro, jirani yetu, anayeuza viazi vya Lubero. Alikuwa amebadilisha pipa bila ruhusa. Akaniambia, "Papa chef, mai hii ni ya muzee wangu, miguu inamuuma, asubui haweze kusimama bila kumwangia mai ya moto." Nikamjibu, "Muzee ni muzee, sheria ni sheria. Ulete dossier." Nikafunga mlango wa moto kwa kamba na karatasi yenye cachet, muhuri wa serikali, nikaondoka, na nilijiona mtu mwenye heshima sana siku ile. Maliro alileta dossier, yale makaratasi yote, ilikuwa na kasoro, akaileta tena imekamilika, na imo ndani ya droo yangu mpaka leo. Nitakuambia kwa nini.

Tunapanga katika parcelle ya mjane mmoja wa hapa, Mama Emérence, mwenye mashamba ya maharagwe Musienene, yeye analala nyumba ya mbele na sisi ya nyuma, na kusema kweli ametulea. Mke wangu Monique alipomzaa mtoto wetu wa kwanza, Gaëlle, hatukuwa na mtu wa kwetu hata mmoja, mama yake yuko Mbuji-Mayi ng'ambo ya mapigano, na wewe unajua desturi, mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka mwili urudi mahali pake, sasa ile mara mvua ilinyesha siku kumi, kuni zote zikalowa, tukamwosha kwa maji ya vuguvugu, akapata homa wiki tatu, nikadhani nitamzika mbali na mama yake. Aliposhika mimba hii ya pili Mama Emérence aliniita uani akaniambia, "Papa Gaëlle, mara hii mai itakuwa mingi na itakuwa ya moto. Mama yake haiko hapa. Miye njo mama yake." Akaonyesha kwa kidole lile pipa la zamani lililo nyuma ya nyumba yetu tangu enzi za Wabelgiji, limeliwa na kutu, akasema tuweke jipya.

Mama Agar, nilikuwa na kila kitu mkononi, mimi ndiye ninayewaandikia wengine orodha. Lakini chef wetu, Monsieur Zorobabel, ndiye mwenye saini ya mwisho, naye hasaini kitu asichokiona kwa macho yake, na angeniweka kwenye foleni kama mtu yeyote, nyuma ya Maliro, na Maliro angenikuta nimesimama pale na dossier mkononi. Kiburi kikanishika. Nilikuwa nimebaki na cachet ya utawala uliopita, tulipaswa kuirudisha na mimi niliificha ndani ya soksi, kwa sababu katika nchi hii hujui nani atarudi. Nikaandika ruhusa, nikasaini, nikagonga ile cachet, nikampa Mama Emérence. Yeye hasomi Kifaransa. Aliitazama, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Na tangu siku hiyo dossier ya Maliro sikuipandisha kwa chef, kwa sababu sikutaka mtu yeyote pale bureau ataje neno chauffe-eau.

Fundi wetu, Mathe, alifanya kazi safi, na siku ya kwanza Monique alioga akatoka bafuni akicheka peke yake, nikasema Mungu amenisamehe. Wiki mbili baadaye wakaja askari. Wawili. Walikuwa wameona bomba la hewa limepanda juu ya paa, jipya, linang'aa, na siku hizi kila chuma kilichosimama juu ya nyumba ni antenne ya phonie, redio ya kusema na watu wa mbali, na mwenye phonie anasema na adui. Mmoja akaniuliza, "Papa, oyo ni phonie. Unasemaka na nani?" Nikasema, "Hapana, chef, ni tuyau ya chauffe-eau, mvuke njo unapita mule." Akatazama juu, akanitazama, akasema, "Mai inapandaka mbinguni? Tukikuya tena na tuikute pale, tutakubeba weye na tuyau yako." Hawakuwa wanatania, mwalimu mmoja wa mtaa wetu alikaa siku nne ndani kwa sababu ya waya wa kuanikia nguo. Na mimi kama ningekuwa na karatasi ya kweli ningewaonyesha pale pale yakaisha, lakini karatasi yangu ina cachet ya wale waliofukuzwa, kuwaonyesha ile ingekuwa kujifunga kamba mwenyewe. Walipoondoka nikamwita Mathe.

Mathe akaja akakata bomba chini ya bati, akapigilia kizibo cha mti wa eucalyptus, akakifunga na waya, akaniambia ndivyo watu wanavyofanya sasa, wiki hiyo tu ameziba mengine mawili mtaani kwetu. Na kwenye bomba la maji baridi aliweka clapet tangu mwanzo, inayoruhusu maji kuingia na kuyakataza kurudi. Mimi maana yake ninaijua, nimeieleza watu miaka saba. Pipa likizibwa pande zote na moto uko chini, maji hayana pa kwenda.

Sasa linalia, Mama Agar. Linaanza kama mtu anayeota ndoto mbaya, kisha linagonga, na chuma chake kimevimba upande mmoja, nimekipima kwa kiganja. Kila asubuhi Mama Emérence anakaa mbele yake kwenye kigoda anachochea moto, anasema analizoesha pipa ili siku ya mtoto lisimwaibishe. Mimi naficha kuni. Juzi nilizimwagia maji nikasema ni mvua. Yeye akaleta nyingine kavu kutoka Musienene, mzigo mzima. Monique alianza kuogopa ule mlio, akasema tuache kulitumia, na Mama Emérence akamjibu mbele yangu, "Usiogope, mwana wangu. Iko na karatasi. Papa Gaëlle mwenyewe njo alisaini."

Nikimwambia ukweli, atajua mtu aliyemwita mwanawe aliweka uongo ndani ya kitabu chake cha sala, na nyumba ni yake. Nikimwambia chef, kazi imekwisha. Nikizibua bomba, askari. Monique amebakiwa na wiki mbili. Nimejaribu kuomba lakini kila nikifumba macho naliona lile pipa. Nifanye nini?

Ukitaka kuchapisha, chapisha, labda itamsaidia mwingine, jina langu la kweli na bureau yangu nimekuandikia nyuma kwa ajili yako peke yako. Na sasa nakusalimia.

Mwenye Cachet, Butembo

*

Mwenye Cachet,

Salamu nimezipokea, ingawa zimechelewa kama ruhusa za bureau yako.

Wasomaji wangu wajue kwanza kwamba majina yote katika barua hii nimeyabadilisha mimi, kwa hiyo msipoteze siku kumtafuta mtu. Barua ilifika Beni Jumanne juu ya lori la maharagwe. Gazeti letu linatoka Jumamosi, likipata karatasi. Mimi nilikuwa accoucheuse, mkunga wa hospitali, miaka ishirini na tisa, na kama kuna kitu nilichojifunza ni kutofautisha jambo linaloweza kungoja Jumamosi na jambo lisiloweza. Nilifunga kitenge changu nikaenda parokia, kwenye phonie yao, ile yenye antenne ya kweli na ruhusa ya kweli iliyobandikwa ukutani.

Pale anakaa askari anayesikiliza kila ujumbe unaopita. Tumwite Elikia. Ni mtu wa Équateur, mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilipomwambia operateur aniitie parokia ya Butembo, wampelekee mtu mwenye jina lililo nyuma ya barua, na aseme hivi, "Zima moto leo, usiguse kizibo mpaka kipoe, Agar," Elikia akainuka kwenye kiti.

"Mama, moto gani? Kizibo gani? Hii ni code?"

"Ni maji ya mzazi," nikamwambia. "Kuna mwanamke atazaa, wanamchemshia maji kwenye pipa, na pipa wameliziba kwa sababu ninyi mlidhani bomba lake ni antenne. Litapasuka litaua mjamzito na mama mzee. Sasa nikamate au uniache niseme."

Akaketi tena. Kisha akaniuliza kama kweli huku pia mzazi anakandwa na maji ya moto. Nikamwambia ndiyo. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kilingala, kuhusu mama yake mzazi, "Mama na ngai pia alikuwa anakandaka batu ku kwetu. Mikono yake ilikuwa nyekundu kila siku." Akamwambia operateur apeleke ujumbe, na mara mbili, ili usipotee. Nilipokuwa natoka akanifuata mpaka mlangoni akaniambia neno ambalo nimelibeba kwa ajili yako: "Umwambie ule papa, shida yetu haiko tuyau. Shida ni tuyau yenye hatukuambiwa. Aende kwa commandant na karatasi mbele ya kuipandisha, si kisha."

Unaona? Askari aliyekosa usingizi ameelewa kazi ya karatasi kuliko wewe uliyezigonga miaka saba.

Alhamisi jibu lako likarudi kwa phonie: "Nimezima. Nifanye nini sasa." Ahsante Mungu. Nilikaa kwenye ngazi za parokia nikalia kidogo, nakuambia wazi, kisha nikafuta macho nikaanza kukukasirikia. Jibu hili nimekutumia kwa lori la siku hiyo hiyo, gazeti litafuata.

Kwa sababu nina hasira na wewe. Sikukasirikii kuogopa; mtu asiyeogopa askari mwaka huu ni mwendawazimu. Nimekuhurumia pia, uko mbali na kwenu, mke wako hana mama, na ulitaka awe na maji. Mwanamume anayetafuta maji ya moto kabla mke hajaumwa uchungu, hao niliwaona wachache sana katika kazi yangu. Lakini ulimwambia Maliro kwamba pipa jipya ni mtoto mpya na lazima awe na acte yake. Neno zuri, nimelipenda. Sasa wa kwako ulimzalia kichakani, ukamwandikia acte ya uongo, kisha ukamziba pua. Na katika watu wote wa mtaa wako waliobadilisha mapipa, aliye salama ni mzee wa Maliro peke yake, kwa sababu ulimfungia moto. Lakini anaamka na miguu yake inayouma, na dossier ya mwanawe iko chini ya kiwiko chako. Ukichapwa na mawazo hayo, chapwa. Ni haki yako.

Haya, tuache maneno, tufanye kazi. Kizibo kitolewe asubuhi, pipa likiwa baridi kabisa, Mathe ndiye akitoe, na asimame kando, uso wake usiwe juu ya bomba. Chuma kilichovimba hakirudi. Pipa hilo limekwisha, msilichomelee, msilipakae rangi, litengenezwe la kuwekea nafaka. Ile clapet nayo itoke. Kisha siku hiyo hiyo, kabla hujala, umchukue Mathe mkono kwa mkono mwende kwenye zile nyumba mbili nyingine alizoziba. Usiniambie utakwenda kesho. Watu wale hawajui kitu, wanaoga na kumshukuru Mungu.

Kisha Mama Emérence. Yeye kabla ya chef, kabla ya commandant, kabla hata ya padri kama ulikuwa unataka kukimbilia kule. Usimwite sebuleni kama mgeni. Kaa kwenye kile kigoda chake mbele ya pipa lililopoa, umwombe kitabu cha sala, uitoe ile karatasi wewe mwenyewe kwa mkono wako, umsomee kilichoandikwa kwa Kifaransa, umwambie kwa Kiswahili kwamba ni uongo. Usiseme "nilifanya kwa ajili ya Monique." Monique hakukuomba cachet. Sisi wakunga tuna methali tunayoipenda, na haiwahurumii wenye haya kama wewe: mficha uchi hazai. Mwanamke anayeona aibu kufunua tumbo lake mbele ya mkunga anakufa nalo. Nimeona. Wewe umemfunika Monique kwa aibu yako mwenyewe.

Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Najua wanawake wa huku, nimezaliwa kati yao. Atakaa siku mbili hasemi na wewe, atakuletea chakula na kukiweka mlangoni bila neno, na siku ya tatu atauliza nani atatafuta kuni. Si karatasi yako iliyomfanya mama ya Monique, hivyo hataacha kuwa mama yake kwa sababu ya karatasi yako. Na kama atawafukuza, niandikie, nitakuja mwenyewe na lori la kurudi. Sidhani nitapanda lori.

Kwa Monsieur Zorobabel peleka karatasi ile na ile cachet. Peleka soksi nzima, usimtolee mezani kama mtu anayetoa zawadi. Mwambie uliyofanya kwa sentensi fupi. Inawezekana ukapoteza kiti. Nakuambia inawezekana, sikudanganyi, tumechoka na udanganyifu. Lakini mtu anayejua faili ziko wapi hafukuzwi haraka, na chef asiyesaini asichokiona kwa macho yake ni chef wa kuheshimiwa. Mtu wa aina hiyo humkasirikia mwongo sana na aliyeungama kidogo. Na kiti chenye mguu mmoja mfupi, baba, kikienda si msiba.

Kisha omba ruhusa kama mtu yeyote. Barua, sahihi ya Mama Emérence, jina la fundi, mchoro. Kwenye mchoro bomba la hewa lirudi mahali pake, juu ya paa na wazi, ila mwambie Mathe alikunje kichwani kama mpini wa mwavuli, likitazama chini. Mvua haitaingia, mvuke utatoka, na hakuna antenne duniani inayoinama. Chef akishasaini, beba nakala kwa commandant kabla bomba halijapanda, mwambie ni bomba gani, litatoka wapi, la kazi gani. Halafu ile nakala ibandike ukutani karibu na mlango wa moto, askari aione kabla hajauliza. Ungefanya hivi tangu mwanzo, siku ile wangesoma, wangeomba maji ya kunywa, wangeondoka.

Na wasomaji wangu wa Lubero, wa Eringeti, wa kila mahali mnaobadilisha mapipa kimya kimya mkisema sisi hatujengi, tunabadilisha tu, hii ni yenu pia. Tangu vita ianze kila mwenye cachet amekuja kutusumbua, nasi tumezoea kudhani kila ruhusa ni usumbufu. Nyingi ni usumbufu. Ruhusa hii ni mtu wa pili anayekuja kutazama bomba lako, kwa sababu wewe umeshalizoea na hulioni tena. Anayekuja mara mbili kutazama, mpe kiti.

Utaniuliza, na mtoto? Wiki mbili si nyingi, ruhusa inaweza kuchelewa, pipa jipya linaweza kuchelewa zaidi. Mwenye Cachet, mimi nimewakanda wanawake elfu na sijawahi kuwa na chauffe-eau. Mafiga matatu, sufuria mbili kubwa, moja ikichemka nyingine ikitumika, na mtu wa kuchochea asubuhi na jioni. Mtu huyo ni wewe. Mwili wa mzazi hauulizi maji yalichemkia wapi. Kilichomletea Monique homa mara ya kwanza ni kuni zilizolowa, na kuni kavu sasa mnazo, mzigo mzima wa Musienene. Zile ulizozificha zitoe. Zile ulizozimwagia maji zianike leo.

Limebaki jambo moja, na hilo ndilo nitakalouliza Monique akishajifungua, kwa hiyo usilisahau. Dossier ya Maliro ile iliyo ndani ya droo imekamilika, wewe mwenyewe umeniandikia. Kabla ya kuipeleka nenda kwake, msalimie mzee wake kwanza, umwambie Maliro kwa nini imelala, na umwalike aje siku ambayo Monsieur Zorobabel atasaini. Simameni wote wawili pale kwenye foleni, watu waone. Na chef atakaponyoosha mkono kuchukua makaratasi, ya Maliro iwe juu, ya kwako chini yake.

Mama Agar, Beni